Namna ya Kukusanya na Kutunza Sarafu Ndogo za Shaba za Pwani ya Kusini

Sarafu za shaba zilizopita katika mikono ya watu wa Lindi na Mtwara ni za aina nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Masultani wa Kilwa walipiga chapa sarafu zao wenyewe kwa muda mrefu kabla Wareno hawajauteka mji huo mwaka 1505. Baadaye zikaja pesa za Sultani Barghash wa Zanzibar, robo-ana kutoka Uhindi, pesa za kampuni ya Wajerumani, heller za serikali yao, na mwishowe senti zenye tundu za wakati wa Mwingereza. Nyingi kati ya hizo bado zimo katika visanduku vya wazee wetu, katika mikebe ya misumari na vifungo, na nyingine zimetobolewa zikavaliwa shingoni. Nakusudia kueleza jinsi mtu anavyoweza kuanza kuzikusanya kwa njia halali, kuzisoma na kuzihifadhi bila kuziharibu, kwa sababu kila mwaka nyingine huyeyushwa, husuguliwa kwa mchanga, au huuzwa kwa mpita njia bila yeyote kuandika zilikotoka.

Kwanza sheria

Kabla ya kutafuta sarafu hata moja, ni lazima ufahamu mpaka uliowekwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa na mwanadamu katika Tanganyika kabla ya mwaka 1863 ni masalia ya kale, nayo yanalindwa. Sarafu zote za masultani wa Kilwa zimo ndani ya mpaka huo. Kwa hiyo haturuhusiwi kuzichimba, kuziokota katika magofu ili tuzimiliki, kuziuza, wala kuzitoa nje ya nchi bila kibali, hata kama mvua ndiyo iliyozifukua na zimelala wazi juu ya mchanga.

Sheria hii naiunga mkono kwa moyo wote, na sababu yangu si woga wa faini. Sarafu ya Kilwa kwa kawaida haina mwaka wala jina la mji, na jambo kubwa inaloweza kutuambia linatokana na mahali ilipolala. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tano za shaba za Kilwa, pamoja na nne za Kiholanzi, katika mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi ile. Hakuna aliyepima kina zilipokuwa wala kuchora tabaka za udongo, na sarafu zenyewe zilifikishwa katika makumbusho baada ya zaidi ya miaka 30. Hadi leo wataalamu wanabishana ni nani aliyezifikisha huko na lini, na huenda jibu lisipatikane kamwe. Linganisha na Songo Mnara, ambako waakiolojia walifukua zaidi ya sarafu 300 za shaba zikiwa zimewekwa pamoja. Kwa kuwa zilipatikana ndani ya tabaka lililorekodiwa, imewezekana kujua aina zipi za sarafu zilitumika wakati mmoja, jambo ambalo sarafu iliyookotwa na kutiwa mfukoni haiwezi kulithibitisha.

Basi ukiwa mwenyeji wa Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, Sanje ya Kati au kijiji chochote chenye magofu, na ukaiona sarafu ardhini, usiigeuze wala kuifuta. Ipige picha ilivyo, ukiweka kando yake rula au hata kijiti cha kiberiti ili ukubwa wake uonekane, piga picha nyingine ya mbali inayoonyesha ukuta au mti ulio karibu, andika tarehe, kisha toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au kwa maofisa wa mambo ya kale. Sarafu ambayo imo katika familia tangu zamani nayo inafaa kuonyeshwa kwa maofisa hao ili iandikwe. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na wageni wanaokuja kuulizia sarafu huko kwa siri wanajua vizuri kwamba wanalolitaka limekatazwa.

Zipi zinafaa kuanzia

Mkusanyaji wa kusini ana uwanja mpana wa halali kuanzia zama za Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Pesa yake ya shaba inatambulika mara moja kwa picha ya mizani upande mmoja na maandishi ya Kiarabu yenye jina lake upande wa pili. Mwaka ulioandikwa ni wa Hijria, nao ni 1299 au 1304. Pamoja nayo ilitembea robo-ana ya Uhindi yenye kichwa cha Malkia Victoria. Rupia ilikuwa na ana 16 na kila ana ilikuwa na robo nne, ndiyo maana rupia moja ilivunjwa kuwa pesa 64, hesabu ambayo kampuni ya Wajerumani iliifuata ilipoanza kutoa pesa zake mwaka 1890.

Pesa hiyo ya kampuni, kwa maoni yangu, ndiyo sarafu bora ya kuanzia kwa mtu wa Lindi, Mikindani au Kilwa Kivinje. Ilitolewa kwa miaka mitatu tu, 1890 hadi 1892, kwa hiyo mfululizo wake mzima unaweza kukamilika kwa sarafu tatu. Upande mmoja una tai wa Kijerumani na jina la kampuni, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft. Upande wa pili una Kiarabu ndani ya shada la majani pamoja na mwaka wa Hijria, 1307, 1308 au 1309. Ni sarafu ya watawala wageni iliyolazimika kusema kwa herufi ambazo watu wa pwani walizisoma tangu chuoni. Uzito wake ni gramu 6 na nusu hivi, na upana wake ni milimita 25 na kidogo.

Mwaka 1904 hesabu ya 64 ilifutwa na rupia ikagawanywa kwa heller 100. Herufi za Kiarabu zikatoweka. Zikabaki taji la kifalme, maneno Deutsch Ostafrika na mwaka. Nusu heller ilitolewa kati ya 1904 na 1906 tu, na kwa udogo wake huwa inapita kati ya vidole bila kutambuliwa. Heller moja ilitolewa hadi 1913, ina milimita 20 na gramu 4, na ndiyo inayopatikana zaidi. Heller tano ya mwaka 1908 na 1909 ni pande kubwa la shaba lenye upana wa milimita 37 na uzito wa gramu 20 hivi. Baadaye thamani hiyo hiyo ilitolewa kwa sarafu ndogo nyeupe yenye tundu. Tafuta pia herufi ndogo chini ya maandishi, kwani A ni alama ya karakana ya sarafu ya Berlin na J ni ya Hamburg. Wako wakusanyaji wanaohesabu mwaka mmoja wenye herufi mbili kuwa sarafu mbili tofauti, nami nakubaliana nao.

Heller 20 ya mwaka 1916 ni jambo la pekee. Vita vilipowafungia Wajerumani njia ya bahari, sarafu zilipigwa chapa hapa hapa nchini, katika karakana ya reli mjini Tabora, nyingine kwa shaba nyekundu na nyingine kwa shaba ya njano. Alama yake ni herufi T. Kazi yake ni ya haraka, herufi hazilingani, na tofauti ndogo za taji na za maandishi zimewapa wakusanyaji kazi ya miaka mingi. Zile za dhahabu zenye tembo, za rupia 15, zilitoka katika karakana hiyo hiyo, lakini ziache kwa wenye fedha nyingi na uzoefu wa kutambua za bandia.

Senti zenye tundu za Afrika Mashariki na senti tano ya Benki Kuu ya mwaka 1966 yenye samaki zinapatikana kwa urahisi na hazihitaji maelezo marefu. Zichukue kwa mazoezi.

Kuomba sarafu kwa wazee

Sarafu nyingi nzuri za mikoa yetu hazimo sokoni, bali zimo majumbani. Usiende nyumbani kwa mtu ukatanguliza bei. Nenda na mtu anayefahamika hapo, amkia, keti, na ueleze kwamba unaomba kuona na kuandika. Tena useme kweli, kwamba hata asipouza utafurahi kupiga picha. Muulize bibi au babu sarafu ilifikaje kwake: ilikuwa mshahara wa shamba la mkonge, ilibaki katika kodi, au ilivaliwa na mtoto. Majibu hayo andika siku ile ile, kwa maneno yake. Ikiwa atakubali kuuza, mwambie thamani halisi kadiri unavyoijua, mlipe mbele ya mtu wa nyumbani kwake, na muandikiane hati fupi yenye majina, tarehe na maelezo ya sarafu. Kumnunulia mzee kwa bei ya soda kitu ambacho unajua kina thamani mara nyingi zaidi ni dhuluma.

Kusoma kilichoandikwa

Nunua lenzi ya kukuza mara kumi, kalipa ya kupimia, na mizani ndogo ya aina wanayotumia masonara, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Shika sarafu kwa ukingo, juu ya kitambaa kilichokunjwa, ili ikidondoka isigonge sakafu. Taa iweke kando na chini, mwanga uipitie sarafu kwa ubavu. Herufi ambazo mchana hazionekani zitajitokeza kwa vivuli vyake. Hata simu ya kawaida hupiga picha nzuri kwa mwanga wa namna hiyo.

Mwaka wa Hijria ugeuze hivi: zidisha kwa 0.97, kisha ongeza 622. Kwa pesa ya Barghash, 1299 inatoa 1882. Jibu linaweza kupungua au kuzidi kwa mwaka mmoja, kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi na huanza katikati ya mwaka wa Kizungu.

Sarafu za Kilwa, ambazo tunaweza kuzisoma katika makumbusho na katika picha bila kuzimiliki, zinahitaji subira zaidi, kwa kuwa herufi zake hazina nukta. Msomaji aliyehitimu chuo ataona neno asilolimaizi mara ya kwanza, kisha atagundua kwamba nukta ndizo zinazokosekana. Upande mmoja una jina la sultani na la baba yake, kama vile Ali bin al-Hasan au al-Hasan bin Sulaiman. Upande wa pili unasema kwamba anamtegemea Mwenyezi Mungu, na sifa ya Mungu iliyochaguliwa ina kina kimoja na jina la sultani. Pande mbili zikisomwa pamoja zinatoa vina, na sijui sarafu nyingine ndogo ya shaba iliyoandikwa kwa uangalifu wa kishairi namna hii. Al-Hasan bin Sulaiman ndiye aliyejenga jumba la Husuni Kubwa, na ndiye aliyetawala msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Sarafu yake moja ya shaba ilifukuliwa Zimbabwe Kuu, ushahidi wa mkononi kwamba Kilwa na nchi ya dhahabu zilikuwa na mawasiliano.

Ni vizuri kulinganisha na sarafu ndogo za Kirumi za karne ya 4, ambazo ndizo wakusanyaji wengi wa Ulaya huanzia kwa sababu zilitolewa kwa wingi mno. Chini ya picha, sarafu ya zama za Konstantino, kaisari wa Rumi aliyetawala kuanzia 306 hadi 337, huwa na herufi zinazotaja mji ilikopigwa chapa: PLON ni London, SMAN ni Antiokia, SMAL ni Aleksandria. Sarafu ya Kirumi ambayo haijulikani ilifukuliwa wapi bado inaweza kutaja mji wake. Ya Kilwa haiwezi, nayo hukutana na hasara kubwa zaidi inapong'olewa ardhini ovyo.

Kusafisha, au tuseme kujizuia kusafisha

Hapa ndipo sarafu nyingi zinapokufa. Sisi tumezoea kusugua sinia za shaba kwa ndimu, ukwaju na majivu hadi zing'ae, na mtu akipata sarafu nyeusi mkono wake unakwenda huko huko. Tindikali ya ndimu inaondoa utando wa rangi uliojijenga kwa miaka mingi, na majivu yanakwangua herufi. Sarafu inayobaki ni nyekundu, imechakaa, na hakuna mkusanyaji makini atakayeitaka. Vivyo hivyo siki, soda, dawa ya meno, na dawa za kung'arisha madini. Katika maelekezo ya kusafisha sarafu za Kirumi utakuta pia ushauri wa kuziloweka katika mafuta ya zeituni kwa miezi. Mafuta hayo yana tindikali yake, ambayo polepole huila shaba, nami sishauri yatumike.

Tumia maji yasiyo na chumvi wala madini, yale yaliyopatikana kwa mvuke, ambayo huuzwa madukani kwa ajili ya kujazia betri za magari. Hakikisha chupa ni ya maji na si ya tindikali ya betri, kwani zote mbili hukaa rafu moja. Loweka sarafu, badilisha maji kila siku, na udongo uliolainika uondoe kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha, ukifanya kazi chini ya lenzi, kidogo kidogo. Ukifika mahali ambapo udongo hautoki, acha. Maji ya bomba au ya kisima yasitumike, kwa maana visima vingi vya pwani vina chumvi.

Chumvi ndiyo adui mkubwa wa shaba huku kwetu. Utando wa kijani kibichi kilichokoza, mgumu na laini kama kioo, hauna madhara. Uache, ndio uzuri wa sarafu. Lakini ukiona madoa ya kijani kilichofifia yenye ungaunga, ambayo ukiyapangusa yanarudi baada ya siku chache, hiyo ni kutu hai inayolishwa na chumvi na unyevu, nayo inaendelea kuila sarafu kwa ndani. Itenge mara moja na nyingine. Ondoa unga kwa kijiti, iloweke katika maji yale yale kwa wiki kadhaa ukibadilisha, kisha iloweke muda mfupi katika spiriti ili maji yatoke katika vinyweleo vyake, na uiache ikauke vizuri. Ili kuhakikisha, iweke siku mbili katika chombo kilichofungwa chenye pamba iliyolowa kidogo isiyoigusa. Madoa yakirudi, anza tena. Yasiporudi, ikaushe na kuiweka.

Mahali pa kuweka

Mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali ni hatari, kwani aina nyingi hutoa tindikali polepole na kuacha ute wa kijani juu ya shaba. Bahasha ndogo za karatasi safi nyeupe zinatosha, kila sarafu na bahasha yake. Zipange katika chombo cha plastiki ngumu chenye mfuniko unaobana, na ndani utie vipakiti vya chembe za kukausha unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya na makopo ya dawa. Chembe zikishiba unyevu zinaweza kukaushwa upya kwa moto mdogo, katika kopo ambalo halitapikiwa tena. Usitumie sanduku la ubao mpya ambao bado unanuka, wala usiweke sarafu chumba kimoja na magunia ya korosho ghafi au chumvi. Nyumba zilizo karibu na maji, kama za Mikindani, Sudi au ufukweni Lindi, zinahitaji uangalifu zaidi; Newala na Masasi hali ni nafuu.

Za bandia

Sarafu ya bandia ya kumimina hujitambulisha kwa mshono kwenye ukingo, vitundu vidogo vya hewa, na herufi zilizovimba zisizo na pembe kali. Pima uzito na upana, kisha linganisha na sarafu yenye uhakika. Sumaku isishike shaba. Ikishika, ndani ni chuma. Heller 20 za Tabora ndizo za kuangaliwa kwa makini, kwa sababu utengenezaji wake wa haraka unampa mdanganyifu kisingizio cha kila kasoro.

Daftari

Kila sarafu ipewe namba, na namba hiyo iandikwe kwenye bahasha na kwenye daftari. Andika aina, mwaka kama ulivyoandikwa, herufi ya karakana, uzito, upana, hali yake, uliipata kwa nani na katika kijiji gani, tarehe, na ulilipa nini. Andika pia lile ambalo mzee alikueleza. Daftari liwe na nakala, hata ya picha za simu zilizohifadhiwa kwingine, na mtu mmoja wa nyumbani aonyeshwe lilipo na jinsi namba zinavyofuatana. Wakati wa masika, unyevu unapozidi, fungua chombo walau mara moja kwa mwezi, angalia kila sarafu chini ya lenzi kama kuna unga wa kijani, badilisha vipakiti, na tarehe ya ukaguzi iandike mbele ya namba ya sarafu husika.